Kwa Atupele, Kuhusu Pikapu Unayotaka Niitoe

Atupele mwanangu,

Ninadai, na niko tayari kulitetea dai hili mbele ya mtu yeyote aliyesoma au asiyesoma, kwamba hakuna gari lililopata kupanda milima ya Rungwe lililo bora kuliko pikapu yetu ya kijivu, yenye mlango wa kushoto usiofunguka kwa nje na honi inayolia kama mbuzi aliyesahauliwa mvuani. Sisemi kwamba ni nzuri, maana macho ninayo. Sisemi kwamba ina kasi. Tumepitwa na baiskeli, tena yenye abiria. Ninasema ni bora, na neno hilo nimelichagua nikiujua uzito wake. Jina la kiwanda kilichoiunda silitaji, kwa kuwa mimi ni mwalimu, si tangazo la redio.

Kesho asubuhi unaondoka kwenda kuanza kidato cha kwanza Iringa. Mambo ya sabuni, ya kandambili, ya kuchemsha maji na ya kutoazima kitana cha mtu siyagusi. Mama yako ameyaandika kurasa mbili, mbele na nyuma, na ameyapanga kwa mantiki ambayo sheria nyingi nilizozisoma hazina. Mimi ninaandika mchana huu kwa sababu umekwenda Lupepo kuwaaga shangazi zako, na nyumba imetulia kiasi cha mtu kuweza kukiri makosa yake bila kukatizwa.

Jumapili iliyopita ulinishinda. Ninaanza na hilo ili usije ukadhani ninalikwepa.

Mjomba wako Gwamaka alikuwa amekuja kutoka Mbeya na lile gari lake dogo jeupe lililoshuka melini kutoka Dubai, lenye redio ya kaseti na ubaridi unaotoka mbele ya dereva, kana kwamba Tukuyu tuna upungufu wa baridi. "Shemeji," akaniambia, "nipe hiyo pikapu inibebee mbao, nikuachie hili. Mwalimu mzima mwenye digrii unaendesha kitu kama hicho? Wanafunzi wanakuangaliaje?" Ningeweza kukataa palepale. Badala yake nilifanya kosa la watu wanaojiamini: nikaitisha mdahalo. Nilikaa katikati ya ua kama mwenyekiti, babu yako akiwa kibarazani, mama yako akiwa jikoni na dirisha wazi, na nikatangaza kwa sauti kwamba gari ni la nyumba nzima, kwa hiyo neno la Atupele, anayeondoka, litakuwa la mwisho. Nilikuwa na hakika utaitetea pikapu. Umelelewa ndani yake.

Ukasimama. Ulikunja mikono nyuma kama nilivyokufundisha, fundisho ambalo sasa ninalijutia.

"Ndugu mwenyekiti," ulisema, "pikapu hii ilinunuliwa ibebe ndizi za mama. Mama ameacha ndizi, ana duka la vitenge Bulyaga. Gari lisilo na kazi linasubiri nini hapa?"

"Pensheni!" mjomba wako akadakia, akapigiwa makofi na majirani waliokuwa wameegemea ukuta.

"Halafu kuna honi." Hapo hukuhitaji kueleza.

Kisha ukateremsha sauti. "Lakini la tatu ndilo kubwa. Tangu nipate akili, mvua ikinyesha njiani ni nani analowa? Baba yuko mbele na babu, pakavu. Mama yuko nyuma na mizigo, chini ya turubai. Baba ana digrii. Babu ni mzee wa kanisa. Ninauliza: hiyo digrii ilisoma nini, na hilo kanisa limehubiri nini?"

Nilifungua kinywa. Watu wote walikiona kikifunguka, nao walikiona kikifungwa bila kutoa kitu. Babu yako ndiye aliyejibu. "Mtoto amesema vizuri," alisema, akakubaliana nawe kwa kichwa mara mbili. "Ndaga, asante, mjukuu wangu. Gari jeupe lije." Jikoni mfuniko wa sufuria ukaanguka, na mama yako hakuuokota kwa muda mrefu.

Ulidhani sikuwa na jibu. Nilikuwa nalo, tena zuri. Ila lilikuwa jibu lisiloweza kutamkwa mbele ya watu wawili tu duniani, na wote wawili walikuwa wakinisikiliza. Ndiyo maana ninaliandika.

Lakini kwanza niruhusu niisifu pikapu, kwa sababu mtuhumiwa ana haki ya kuelezwa tabia yake njema kabla ya hukumu.

Nilipokuwa na umri wako, mtu wa kwetu kutamani gari ilikuwa sawa na kutamani mlima: unautazama, unausifu, unaendelea na safari kwa miguu. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Ghafla sokoni kulikuwa na sabuni za aina sita, mashati ya mitumba yenye majina ya timu tusizozijua, na watu ambao hawakuwahi kumiliki hata baiskeli wakawa wanabishana kuhusu giaboksi. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu Dar es Salaam na digrii yenye umri wa miezi mitano. Wewe ulikuwa na miaka minne na hukunitambua. Uliniita "mgeni" kwa wiki nzima, na uliniuliza ninaondoka lini.

Mzee Salumu wa Bulyaga, mfanyabiashara aliyekuwa akibeba mchele kutoka Kyela, alikuwa akiuza pikapu yake ya kijivu. Huwa napenda kusema kwamba niliinunua mimi. Nimelisema hilo katika vikao, katika harusi, na mara moja mazikoni. Ukweli ni kwamba ndizi za mama yako ndizo zilizoinunua. Mimi nilichangia saini. Miaka kumi nimeiita "gari yangu", naye hajawahi kunisahihisha mbele ya watu. Nikimwuliza kwa nini, husema, "Ningekusahihisha, nani angeniendesha?"

Kuendesha nilijifunza kwa njia ya wasomi. Nilisoma kitabu cha udereva kuanzia jalada hadi jalada, nikachora michoro, nikawa dereva hodari kabisa wa kwenye kiti cha sebuleni. Siku ya kwanza ya kushika usukani halisi niliteremka kona vizuri, nikabadili gia vizuri, na nilipokuwa bado najipongeza nikawa katikati ya shamba la chai. Wachumaji waliacha kuchuma. Mama mmoja mtu mzima, kikapu mgongoni, akaja polepole hadi dirishani.

"Ugonile, mwalimu," akanisalimu. "Umekuja kuchuma?"

"Nimepotea njia kidogo, mama."

"Kidogo," akarudia, akitazama mistari mitatu ya michai niliyoilaza. "Basi leta kikapu, usikae bure."

Nilipiga selfu nikiwa nimefumba macho. Pikapu ikawaka mara moja, ikarudi kinyumenyume barabarani kwa alama zilezile za matairi yake, kana kwamba ilikuwa ikisikiliza mazungumzo na kuona aibu kwa niaba yangu. Tangu siku hiyo ninaiheshimu kama mtu anavyomheshimu shahidi aliyenyamaza.

Na imekuwa hivyo miaka yote. Asubuhi za kipupwe, mwezi wa saba, ukungu ukiwa umekaa uani kama mgeni asiyeaga, magari ya majirani yalikohoa, yakapiga chafya, yakasukumwa na ukoo mzima. Yetu: choki nusu, selfu mara moja, twende. Iliwahi kumvuta mkubwa mmoja aliyekwama kwenye tope na gari refu lenye uwezo wa kuzungusha matairi yote manne. Yalizunguka yote manne kweli, ila palepale. Mkubwa alitushukuru kwa kuangalia pembeni. Mdogo wako Lugano alipokataa kusubiri tarehe aliyopangiwa na wauguzi, ni pikapu iliyomfikisha mama yako hospitali. Mimi nilikuwa nikihesabu dakika kwa sauti na mama yako alikuwa akiniamuru ninyamaze.

Sasa nije kwenye jibu.

Umekulia mjini, na unajua kwamba mama yako na babu yako hawapeani mikono wala hawakai sebule moja. Najua unadhani ni haya tu, kama watu wengine walivyo na haya. Kwa kizazi cha babu yako, mkamwana na baba mkwe hawatazamani uso kwa uso. Hawakai chini ya paa moja la chumba kimoja, hawali pamoja, na njia ikiwakutanisha mmoja hupisha na kugeuka. Si chuki, Atupele. Ni heshima iliyokunjwa mara nyingi kiasi kwamba asiyeifahamu huiona kama woga. Mama yako aliikuta, akaichukua, na anaijua kuliko mimi niliyezaliwa nayo. Nayo ina sharti moja gumu: wanaoishi ndani yake hawaijadili wakiwa wanasikilizana. Ndiyo maana Jumapili kinywa changu kilifungwa.

Lile gunia lililoshonewa kwenye kioo cha nyuma ya kiti cha dereva, uliniambia mama aliliweka kuzuia jua. Jua gani, mwanangu, la Tukuyu? Lile ni ukuta. Mbele kuna chumba, nyuma kuna chumba kingine, na katikati pana bati, kioo na gunia. Hakuna mtu kiwandani aliyeifikiria Masukulu kwa babu yako alipoichora pikapu ile, lakini hakuna fundi wa Masukulu ambaye angeichora vizuri zaidi. Nakumbuka ulikuwa na miaka mitano, nikikubeba mbele, na wewe ndiwe uliyekuwa simu yetu. Babu husema akitazama barabara: "Atupele, wale walio nyuma wana shuka la kujifunika?" Nawe huchungulia dirishani na kupiga kelele, "Mama, babu anauliza una shuka!" Upepo unarudisha jibu: "Mwambie ninalo, na yeye afunge koti!" Walizungumza Masukulu hadi Tukuyu bila kuzungumza. Mazungumzo matamu kuliko mengi niliyoyasikia kwenye meza za watu wanaotazamana.

Kosa langu sasa.

Ulipokuwa na miaka sita, mafanikio kidogo yalinipanda kichwani. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi mno na kuvimeng'enya vichache. Nikaona pikapu inaniaibisha. Nikaipeleka Bulyaga, nikamrudishia Mzee Salumu, nikachukua kwake gari dogo jekundu, jipya machoni, chini kama meza ya kahawa. Kuondoka kwangu nilimwambia kwa majivuno, "Mzee, lile ni sanduku la ndizi lililowekewa usukani." Alicheka kwa adabu. Hakusahau.

Safari ya kwanza ya heshima ilikuwa Jumapili ya ubatizo wa Lugano. Nilikwenda Masukulu kumchukua babu yako, mama yako akiwa kiti cha mbele na mtoto mapajani. Alikuwa ameniambia tangu alfajiri, "Baba Atupele, nenda peke yako. Mimi nitakwenda kanisani kwa miguu." Nikamjibu kwa hotuba. Nilimweleza kwamba karne inakwisha, kwamba mwanamke ni binadamu kamili, kwamba mila isiyohojiwa ni minyororo. Aliketi, akamfunika Lugano, akatazama dirishani njia nzima.

Tulipofika, babu yako alitoka mlangoni amevaa koti lake jeusi na kofia, amepaka viatu mafuta. Akaona nani amekaa ndani. Mambo mawili yakatokea kwa pamoja, kwa wepesi ambao sijauona hata kwenye gwaride: babu yako akageuka akarudi ndani, na mama yako akafungua mlango, akaingia migombani na mtoto kifuani, akatoweka. Nikabaki mimi na gari jekundu, milango miwili wazi, na kuku waliokuja kulitazama.

"Tata," nikamwita baba yangu kwa wingi wa heshima, "tokeni! Tunachelewa ibada!"

"Nimesikia," akajibu kutoka ndani.

"Gari lina viti vitano!"

"Nimeviona. Viti ni vitano, Ambakisye, chumba ni kimoja."

Ninakuomba uupime huo ubishi. Nilikuwa nimekaa miaka mitatu chuo kikuu nikifundishwa kujenga hoja, na mzee aliyesoma katekisimu tu akanimaliza kwa sentensi moja kupitia dirisha la mbao.

Sikukubali. Nilitundika khanga katikati, kati ya viti vya mbele na vya nyuma. Babu akachungulia kwa upande, akauliza, "Na nikikohoa?" Nikapendekeza mama yako ajifunike shuka zima. Kutoka migombani sauti ikasema, "Mimi si mzigo." Jirani yao mmoja, mzee mcheshi aliyekuwa amekuja kusaidia, akalizunguka gari, akafungua buti, akaipima kwa mikono yake, akaniuliza kwa unyenyekevu mkubwa, "Mwalimu, sasa wewe mwenyewe hutoshi humu? Mzee akaendesha?"

Mwishowe babu yako akasema, "Tangulieni. Nitakuja." Nami, kwa hasira ya mtu aliye na haki zote na hana hata mtu mmoja upande wake, nikatangulia.

Lugano akabatizwa. Nafasi ya babu yako ilikuwa wazi kwenye benchi la mbele. Tulikuwa tumekwisha kula na wageni wameanza kuaga tuliposikia kikohozi kwenye kona ya ua. Unakijua kikohozi kile. Hukitoa kila mara ili mama yako apate muda wa kuingia ndani. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Masukulu, kwenye matope, viatu vyake vilivyopakwa mafuta akiwa amevishika mkononi ili visichafuke. Akanawa miguu. Akavivaa. Kisha akaomba aletewe mtoto, akamwombea akiwa amesimama, akala kidogo, akanisifia gari.

"Ni zuri," alisema. "Linang'aa."

Hakuja tena mwaka mzima na nusu mwingine. Wewe uliambiwa magoti yanamsumbua. Magoti yale yalikuwa yakipanda na kuteremka mashamba kila siku. Nilimfuata mara nne peke yangu, nikamwambia mama Atupele amebaki nyumbani, gari lina nafasi. Kila mara alikuwa na sababu: ng'ombe, mvua, kikao cha kanisa. Ilinichukua muda kuelewa. Hakutaka kuwa mtu ambaye kwa ajili yake mkamwana wake anaachwa nyumbani. Na mama yako kwa upande wake alianza kupunguza safari zake kwenye lile gari, asije akawa yeye anayeikalia nafasi ya mzee. Nikawa ninaendesha viti vinne vitupu katika wilaya nzima, nimekombolewa kikamilifu.

Siku nilipokwenda kwa Mzee Salumu kuiomba pikapu, alikuwa dukani anakunywa chai. Hakuinuka.

"Mwalimu! Karibu. Umekuja kununua sanduku la ndizi?"

"Mzee Salumu, nilikosea."

"Lenye usukani?"

"Nimesema nilikosea."

"Subiri kwanza." Akawaita watu waliokuwa nje, akawakalisha. "Mwalimu huyu alimpa mkewe talaka mbele yangu, sasa amekuja kuposa upya. Na mimi ndiye mzazi wa bibi arusi. Haya, mwalimu, msifu. Tusikie."

Nikaisifu, Atupele. Mbele ya wauza mchele wanane nilitoa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa darasani, na kwa mara ya kwanza sikuwa nimetoa sentensi hata moja kitabuni. Nilipofika kwenye honi, Mzee Salumu alifuta machozi ya kicheko, akanitupia ufunguo, akachukua ule wa gari jekundu. "Chukua," alisema. "Kwanza lenyewe halitaki kuwakia mtu mwingine." Huo ulikuwa uongo wa kibiashara, huwakia kila mtu. Lakini niliuthamini.

Jumapili iliyofuata kikohozi kilisikika kwenye kona ya ua.

Unaweza kuniuliza, na wewe utaniuliza: je, baba, umeikubali sasa desturi hiyo? Sijaikubali. Nina hoja kumi na moja dhidi yake, na nitakuletea zote ukinipa nafasi. Ukiolewa, ukae meza moja na baba mkwe wako mkigombania firigisi, nami nitakuja kushangilia. Nilichojifunza ni kidogo kuliko hoja zote hizo, ila kilinigharimu zaidi: kwamba mtu anaweza kuwa na haki katika hoja na akawa amewaacha watu njiani kwenye matope. Sikuwauliza wale wawili wanataka nini. Niliwakomboa tu. Na Jumapili iliyopita, uliposimama kumtetea mama yako, nilimsikia kijana mmoja mwenye gari jekundu akihutubia kuku. Sikucheka. Nilimpenda sana yule kijana, na niliogopa.

Kwa kuwa wewe unataka ushahidi, nilikwenda kuutafuta. Jumatatu nilimwuliza mama yako waziwazi: unaumia kukaa nyuma?

"Nani kakwambia?" akasema. "Nyuma kuna upepo, kuna miguu yangu nimeinyoosha, na sisikii hotuba zako. Mwenye kuumia ni mzee wa watu aliyekaa mbele na wewe."

"Na mvua?"

Akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyekuja bila daftari. "Baba Atupele, wewe ndiye dereva. Hujui?"

Nilijua. Wewe ndiwe usiyejua, kwa kuwa mvua ilikuwa ikikulaza usingizi tangu ukiwa mchanga. Mvua ya kweli ikianza, babu yako hupiga mlango mara mbili. Ninasimama. Anateremka upande wa kushoto, anatazama migomba. Mama yako anateremka nyuma, anatazama mto au chochote kilichopo upande wa pili. Anaingia mbele, nakubeba wewe uliyelala namwekea mapajani, na tangu urefuke namwekea kichwa chako tu. Babu anapanda nyuma, anavuta turubai, anafungua mwavuli wake chini ya turubai, jambo ambalo halina maana yoyote lakini humfurahisha. Kisha anagonga bati: twende. Sijapata kuona makabidhiano ya madaraka yaliyo tulivu kuliko yale. Uliamka siku zote tukiwa tumefika, mama yako akiwa amelowa mabega kwa ile dakika moja ya kubadilishana, na ukaihesabu mvua hiyo kuwa ya safari nzima. Hoja yako ilikuwa imejengwa vizuri. Msingi wake ulikuwa umelala usingizi.

Na sasa mzee yule, aliyekusikia ukisema anakaa pakavu huku mama yako analowa, hakujitetea hata kwa neno. Alisema umesema vizuri. Alijua maana ya gari jeupe kuliko mtu yeyote pale uani. Alikuwa anapiga kura ya kutokuja tena nyumbani kwetu, na aliipiga akitabasamu, ili mjukuu wake ashinde mdahalo wake wa mwisho kabla ya kwenda shule. Sijui kama umri wake unamruhusu kuja kwa miguu tena. Sidhani.

Mjomba wako hana kosa. Yeye ni mtu wa mjini, kwake gari ni gari. Atafika kesho saa moja asubuhi na ufunguo wake, na mimi nimeahidi mbele ya majirani kwamba neno lako ndilo la mwisho. Ahadi hiyo siivunji. Ukisema liende, litakwenda, na nitamkabidhi Gwamaka pikapu kwa mkono wa kulia, nitakusindikiza hadi stendi ya Mbeya nikiwa napulizwa na ule ubaridi wa Dubai, wala sitakulaumu, kwa sababu mimi niliwahi kuchagua vilevile nikiwa mkubwa kuliko wewe na mwenye vyeti vingi zaidi.

Lakini sikubali jibu la kuninong'oneza, wala kijibarua chini ya mlango, wala kunikonyeza ukiwa umebeba sanduku. Uliniuliza swali hadharani, na hadharani ndipo ninapotaka jibu. Kesho, mjomba akishazima injini, babu akiwa kibarazani na dirisha la jikoni likiwa wazi, simama uani uitetee hoja yako ya Jumapili au uifute. Kuna sharti moja tu: babu yako na mama yako wasitajwe, wala hiki nilichokuandikia kisitajwe. Ukiifuta, itakubidi utafute sababu nyingine kabisa, ya mafuta, ya springi, ya chochote, na uiseme kwa sauti hata kama mjomba atacheka na majirani wakasema mwalimu amemhonga binti yake. Mtu anaposhindwa kwa kupenda, watu hucheka. Inabidi uweze kusimama wakati wanacheka.

Nitakuwa nimekaa mbele yako, kiti cha mwenyekiti. Sema, tukusikie.

Baba yako, ambaye bado anabishana,
Ambakisye